Huduma ya kwanza kwa wakataji miti: kwa nini wajifunze wote, si mmoja

Mkoani Songwe kazi ya miti iko kila upande. Ileje kuna mashamba ya misindano na milingoti ya wananchi, na lipo shamba la miti la serikali la Iyondo Mswima. Mbozi, mkulima wa kahawa hupogoa migrevilea inayotia kivuli shambani. Momba na Wilaya ya Songwe, watu huingia kwenye miombo kutafuta magogo, kuni na mkaa, au kusafisha shamba jipya. Hapa Tunduma mjini, fundi huitwa kuangusha mwembe ulioegemea paa la nyumba.

Mtu akiumia kwenye kazi hizi, mara nyingi huumia vibaya na huumia mbali. Zahanati iko kijiji cha pili, gari halipo, na wakati wa mvua barabara inateleza. Kwa hiyo dakika 10 za mwanzo ziko mikononi mwa wenzake waliokuwa naye. Daktari atafanya kazi yake baadaye, kama mgonjwa atamfikia akiwa hai.

Baadhi ya wasikilizaji wetu wameuliza kama mafunzo ya huduma ya kwanza ya kawaida, yale yanayotolewa shuleni na maofisini, yanamtosha mkataji miti. Jibu letu fupi ni kwamba yanasaidia, lakini hayatoshi. Katika makala haya tunaeleza kwa nini, mafunzo yanayomfaa mtu wa msituni yawe na nini, na wapi pa kuyaulizia.

Kazi hii ina majeraha yake

Mnyororo wa msumeno wa mashine, ambao wengi tunauita chensoo, hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde moja. Meno yake hayachani kama wembe. Hung'oa nyama na kuacha mfereji, na ndani ya jeraha huingia oili, unga wa mbao na nyuzi za suruali. Shoka likiteleza huingia hadi mfupani. Tawi lililokatika na kunasa juu linaweza kukaa siku nzima, kisha likaanguka bila kutoa sauti ya onyo. Gogo likianza kuviringika kwenye mteremko halisimami kwa kupigiwa kelele.

Hayo ni tofauti na majeraha ya ofisini. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1998 kuhusu usalama na afya kwenye kazi za misitu, linasisitiza wafanyakazi wa misitu wafundishwe huduma ya kwanza. Uingereza wameongeza sehemu maalumu ya watu wa misitu juu ya kozi ya kawaida ya kazini. Humo hufundishwa kuzuia damu nyingi na kumhudumia aliyekandamizwa na mti, pamoja na mambo ya kwao kama baridi kali na magonjwa ya kupe.

Sisi tukichukua kozi ya Uingereza kama ilivyo tutakosea. Mtu wa Kamsamba, kwenye joto la bonde la Momba, hahitaji somo refu la baridi. Anahitaji somo la nyoka, la nyuki, na la namna ya kumsafirisha mtu aliyevunjika bila gari la wagonjwa. Mafunzo yanayofaa ni yale yanayoanza na ajali zinazotokea kweli mahali penu.

Ipo pia desturi inayohitaji kubadilika. Katika makundi mengi ya wakataji, kama kuna aliyefundishwa huduma ya kwanza, basi ni mmoja tu, na mara nyingi ni nyapara au mwendesha chensoo. Sasa jiulize: siku akiumia yeye, nani atamhudumia? Anayeshika msumeno ndiye aliye karibu zaidi na hatari. Kwa hiyo wajifunze wote: mkataji, msaidizi wake, anayeburuta matawi, dereva wa Fuso, hata mama anayepikia kundi kambini. Huenda ndiye pekee atakayekuwa na mikono mizima na akili iliyotulia.

Kabla ya kumgusa aliyeumia

Somo la kwanza msituni ni kutokimbilia. Mwenzako akipiga yowe, moyo unakusukuma umfikie mara moja. Lakini kilichomwangusha huenda bado kiko pale juu.

Zima misumeno yote ili watu wasikilizane. Tazama juu kama kuna tawi lililonasa au mti ulioegemea mwenzake. Tazama mteremko kama kuna gogo linaloweza kuviringika, na uliwekee kigingi au jiwe. Tazama kama kuna waya wa umeme ulioguswa. Hayo yote hayazidi nusu dakika, na yanazuia ajali moja isizae majeruhi wawili.

Kama mti umegusa waya, usimsogelee aliyeumia wala huo mti. Laini za umeme zinazopita vijijini kwetu hubeba volti 11,000 au 33,000. Kwa umeme mkubwa namna hiyo, fimbo ya mti mbichi haikukingi, wala viatu vya raba havikukingi. Wazuie watu wasikaribie, wapigie TANESCO wakate umeme, na msubiri wathibitishe kuwa umekatwa. Ni vigumu kusimama mbali na ndugu aliyelala chini, lakini waliomkimbilia aliyenaswa na umeme wamekwisha kufa pamoja naye mara nyingi.

Damu inayotoka kwa nguvu

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, ujazo wa dumu dogo la mafuta ya kula. Akipoteza lita 2, maisha yake yako hatarini. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, hilo linaweza kutokea ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kwenye ajali ya msumeno, damu inayoruka au kutiririka bila kukoma inashughulikiwa kabla ya jambo jingine lolote.

Mlaze chini. Chukua kitambaa kisafi, na kama hakipo, fulana yoyote. Weka juu ya jeraha na kandamiza kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Kama jeraha ni shimo lenye kina, sukuma kitambaa ndani mpaka kijae, kisha endelea kukandamiza. Usifunue kila mara kutazama kama damu imekoma. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Usiweke majani yaliyotafunwa, udongo, majivu, oili chafu wala petroli. Havizuii damu, na vinaingiza uchafu unaoleta pepopunda. Kila mkataji miti aulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda kabla hajaumia, na akumbushe tena anapotibiwa jeraha.

Kama damu ya mkononi au mguuni haikomi kwa kukandamiza, tumia mkanda wa kukaza. Upo wa kiwandani, na huo ndio bora. Ukikosekana, tumia kitambaa imara kilichokunjwa kwa upana wa vidole vitatu, kama kipande cha kanga au kitenge. Kifunge upana wa vidole vinne juu ya jeraha, upande wa kuelekea kiunoni au begani. Usikifunge juu ya goti wala kiwiko. Weka kijiti kigumu juu ya fundo, funga tena, halafu zungusha kijiti mpaka damu ikome. Kifunge kijiti kisirudi nyuma.

Usitumie waya wala kamba nyembamba, kwa sababu hukata nyama bila kuziba mshipa. Mkanda uliokazwa sawasawa unauma sana. Maumivu hayo si sababu ya kuulegeza, na usiulegeze njiani ili mguu upate damu kidogo, kwani kufanya hivyo kumewapotezea watu maisha. Andika saa uliyofunga, hata kwa mkaa kwenye paji la uso wa mgonjwa. Saa 2 za mwanzo hatari ya kupoteza kiungo ni ndogo, na daktari anahitaji kujua zimepita ngapi.

Jambo hili haliwezi kujifunzwa kwa kusoma simu peke yake. Mtu anatakiwa afunge mkanda kwenye mguu wa mwenzake, akiwa amesimamiwa na mkufunzi, mpaka aweze kufanya hivyo haraka na bila kusita.

Aliyeangukiwa na mti au gogo

Hapa wengi hukosea kwa nia njema. Mtu ameangukiwa na tawi kichwani, wenzake wanamshika makwapani, wanamkalisha, wanamwagia maji na kumnywesha. Kama shingo au uti wa mgongo umevunjika, kumkalisha kunaweza kumlemaza maisha yake yote. Kama hana fahamu, maji yanaingia kwenye mapafu.

Mwache alivyolala kama mahali ni salama. Mmoja apige magoti upande wa kichwani na kukishika kichwa kisigeuke huku wala huku. Ongea naye. Kama hajibu, angalia kifua kama kinapanda na kushuka kwa kipindi cha kuhesabu 10 taratibu. Kama anapumua lakini hana fahamu, mgeuzeni alale ubavu, watu watatu kwa pamoja, kichwa na mwili vikigeuka kama gogo moja, ili matapishi yasimzibe koo. Msimpe chakula wala kinywaji.

Kama hapumui, sukuma katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha takriban sentimita 5, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa kupuliza pumzi husukuma mara 30 na kupuliza mara 2. Asiyefundishwa asukume tu bila kuacha. Kazi hiyo inachosha haraka, kwa hiyo mpokezane kila baada ya dakika 2. Hii ni sababu nyingine ya kutaka wajue wengi.

Gogo likimkalia mtu, liondoeni mapema kama mna watu wa kutosha na mnaweza kulinyanyua bila kumviringishia tena. Kama amebanwa kwa muda mrefu, hatari ni ya namna nyingine: nyama iliyopondeka hutoa sumu, na gogo likitoka sumu hiyo huenda kwenye moyo na figo. Katika hali hiyo mpigieni kwanza mhudumu wa afya awaelekeze, gari liwe tayari, na anayempokea hospitalini aambiwe ni saa ngapi gogo lilianguka na ni saa ngapi liliondolewa. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuonekana yuko sawa, akaomba arudi nyumbani. Asirudi. Apelekwe hospitali.

Mfupa uliovunjika usinyooshwe porini na usikandwe. Funga fito mbili kwa kitambaa ili kiungo kisicheze, kikiwa vilevile kilivyo. Kijiti kilichochoma mwilini na kubaki ndani kisichomolewe. Kizungushie vitambaa kisitikisike, maana huenda ndicho kinachozuia damu.

Aliyenasa au kuanguka kutoka juu

Mjini, kazi ya kupunguza matawi karibu na nyumba huwapandisha watu juu, mara nyingi bila mkanda wa usalama. Akikatwa na msumeno akiwa juu, hawezi kuhudumiwa mpaka ashuke. Kwa hiyo pasiwe na mtu juu ya mti bila mwenzake chini mwenye kamba ya pili, ngazi, na uwezo wa kupanda. Mpango wa kumteremsha ujulikane kabla hajapanda. Kuanza kutafuta ngazi ya jirani wakati mtu ananing'inia na damu inamwagika ni kuchelewa.

Aliyeanguka kutoka juu huhesabiwa kuwa ameumia uti wa mgongo hata kama anasimama na kusema hajambo. Mlazeni, na mfuate yale tuliyoeleza hapo juu.

Nyoka na nyuki

Mkanda wa kukaza tuliousifu kwenye jeraha la msumeno hautumiki kabisa kwa aliyeumwa na nyoka. Ukifunga mguu ulioumwa na kifutu, unazuia damu kwenye nyama ambayo tayari inaharibiwa na sumu, na mguu huoza. Mafunzo yasiyotenganisha mambo haya mawili yanaweza kumdhuru mtu.

Aliyeumwa na nyoka atulie, asikimbie, asitembee kama inawezekana abebwe. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe la nyoka, usimpe dawa ya kunywa ya kienyeji. Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitali. Ukiweza kumpiga picha kwa simu ukiwa mbali, inatosha. Swila akimtemea mtu sumu machoni, osha macho kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

Dawa ya sumu ya nyoka haipatikani kila zahanati. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika, na upungufu wa dawa hiyo ni sehemu ya tatizo. Kabla ya kuweka kambi, mtu mmoja aulize ni kituo gani cha karibu chenye dawa hiyo.

Nyuki nao huua wakataji. Gonga shina na utazame matundu kabla ya kuwasha msumeno. Wakitoka, acheni vifaa, zibeni nyuso, na mkimbie moja kwa moja mpaka wakome kuwafuata. Ondoa miiba haraka kwa ukucha au ubapa wa kisu. Mtu anayevimba midomo, anayehema kwa shida au kuona kizunguzungu anahitaji hospitali wakati huohuo. Aliyeumwa na makumi ya nyuki aende pia, hata kama anajisikia vizuri.

Simu, njia na gari

Mafunzo mengi huishia kwenye bandeji. Kwetu sisi, kumfikisha mgonjwa ni nusu ya huduma.

Kila asubuhi kabla ya kazi, kundi zima lijue mambo manne. La kwanza, tuko wapi kwa jina ambalo dereva wa bodaboda ataelewa. La pili, mtandao wa simu unapatikana wapi, na nani atakimbia kwenda kupiga. La tatu, gari litafika hadi wapi, na litatoka kwa nani. La nne, tunampeleka kituo gani, na kama usiku huwa na mhudumu.

Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lakini kwa vijiji vya mbali, namba zitakazoleta gari haraka ni ya mganga mfawidhi wa kituo chenu, ya mwenyekiti wa kijiji na ya mtu mwenye gari. Ziandikwe kwenye karatasi kambini, kwa sababu simu ya aliyeumia inaweza kuwa imefungwa kwa neno la siri au imepasuka mfukoni.

Ukipiga simu, anza na mahali mlipo, halafu idadi ya walioumia, kilichotokea, hali yao, na mahali mtakapokutana na gari. Ukianza na mahali, hata mtandao ukikatika watajua waje wapi.

Aliyeumia mgongo, kichwa au paja asibebwe kwa kukalishwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Tengenezeni machela kwa miti miwili na magunia yaliyotobolewa pembe, mmfikishe kwenye gari akiwa amelala. Na mjue barabara yenu. Anayetoka Ileje wakati wa mvua, anayetoka Kamsamba kwenda Mlowo, na anayelazimika kupita Tunduma penye foleni ya malori ya mpakani, kila mmoja ana kikwazo chake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko upande wa Vwawa, na Mbeya ni takriban kilomita 100 kutoka Tunduma. Jeraha lisilozuiwa damu halifiki huko.

Jambo jingine ni fomu ya polisi ya PF3. Wengine humzungusha mgonjwa kituo cha polisi kwanza huku akiendelea kudhoofika. Gaweni kazi: mmoja aende polisi, wengine waende hospitali moja kwa moja. Vilevile, hofu ya kuulizwa kibali cha kukata miti isiwafanye mkamfiche mtu porini mpaka usiku. Kibali kitazungumzwa baadaye na aliye hai.

Cha kubeba

Sanduku la huduma ya kwanza lililofungiwa kwenye gari lililoondoka na mbao halina kazi. Kundi liwe na sanduku kubwa kambini, na kila anayeshika msumeno awe na mfuko mdogo mkandani. Ndani yake pawe na mkanda wa kukaza, bandeji pana mbili, shashi ya kutosha kujaza jeraha, glovu, na filimbi. Filimbi ni ya bei ndogo, husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyeumia, na haitegemei mtandao. Kubalianeni ishara yake, kwa mfano kupuliza mara tatu, kupumzika, na kurudia.

Kambini ongezeni maji safi ya kutosha. Mtu akiungua kwa petroli au ekzosi, jeraha lipozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na asali visipakwe.

Mafunzo yako wapi, na nani alipe

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, pamoja na kuweka huduma ya kwanza kazini. Inasimamiwa na OSHA, ambayo pia hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, na ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1962, nacho hufundisha huduma ya kwanza. Kwa anayetaka kujifunza kutumia chensoo kwa usalama, kipo kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao Mafinga, mkoani Iringa.

Mnapoomba mafunzo, elezeni kazi yenu. Mwambieni mkufunzi mnakata nini, wapi, na mmewahi kuumia vipi. Ombeni afundishie porini, kwenye mteremko, nguo zikiwa za kazi. Ombeni mjaribu tukio zima: mtu analala chini ya gogo, filimbi inapulizwa, mmoja anakimbilia mtandao, wawili wanazuia damu, wengine wanatengeneza machela. Asiyekielewa Kiswahili vizuri atafsiriwe kwa Kinyiha, Kindali au Kinyamwanga. Na mrudie kila mwaka, kwa sababu mikono husahau.

Kuhusu gharama, mwenye kuajiri ndiye anayepaswa kubeba. Tajiri wa mbao anayenunua mnyororo mpya kila mara anaweza kulipia siku moja ya mafunzo. Lakini vibarua wengi wa mkoa wetu hukatiana kazi kwa siku, na makundi mengine hujiajiri yenyewe. Hao wanaweza kuungana makundi matatu au manne wakachangia mkufunzi mmoja. Wakulima wa kahawa wanaweza kuliomba jambo hili kwenye AMCOS yao kabla ya msimu wa kupogoa miti ya kivuli. Kikundi cha VICOBA kinaweza kutenga fedha ya sanduku.

Aliyeajiriwa ajue pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Ukiumia kazini, taarifa itolewe mapema. Muulize mwajiri wako leo kama amesajiliwa. Anayejiajiri hana wa kumchangia, kwa hiyo kwake kinga na huduma ya kwanza zina uzito zaidi.

Pa kuanzia

Makala haya hayachukui nafasi ya mafunzo. Lakini yapo mambo ambayo kundi lolote linaweza kufanya kesho asubuhi bila kulipa chochote. Pimeni umbali: wakati mti unaangushwa, asiyehusika asimame mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti huo. Andikeni namba nne za simu kwenye karatasi. Tafuteni mahali penye mtandao na muweke alama. Kisha, kabla msumeno haujawashwa, kila mmoja aulizwe kwa sauti: huyu akikatwa mguu sasa hivi, wewe utafanya nini?

Kama kuna anayenyamaza, mmeshajua nani aanze kufundishwa. Tutumieni maswali yenu kwa namba yetu ya kila siku ya ujumbe mfupi, tutayapeleka kwa wataalamu wa afya na kuyajibu hewani.